Bi Tulia na Hotuba Iliyopotea

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, mpiga video mkuu wa studio yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa. Hapa tutamwita kama anavyoitwa na kila mtu, kuanzia mwenye studio hadi maharusi wasiojua kama ana jina jingine: Bi Tulia. Jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna bibi harusi aliyevalishwa mbele ya kamera yake bila kuambiwa, "Tulia, mama, tulia, gauni halikimbii."

Alianzia mapokezi, kupokea simu na kuandika miadi. Kamera ilimjia kwa bahati. Siku moja shangazi za bibi harusi walikataa katakata mwanamume aingie chumba cha kuvalia, na mpiga video wetu wa wakati huo akabaki mlangoni kama mgeni asiyealikwa. Bi Tulia alikuwa amekuja kuleta kanda tu. Akapewa kamera, akaonyeshwa kitufe chekundu, akasukumwa ndani. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Iliyotetemeka ni sauti ya mpiga video, aliyekuwa akimwelekeza kupitia tundu la ufunguo.

Tangu hapo hakurudi mapokezi. Amepanda juu ya meza, juu ya maboneti ya magari, na mara moja juu ya ukuta wa bustani, akaangukia kwenye maua kamera ikiwa bado inarekodi. Kanda ile tunayo mpaka leo: unaona mbingu, unaona viatu vya mgeni mmoja, kisha unasikia sauti yake ikisema, "Sijaumia, endeleeni kucheza."

Mimi ni mhariri wa studio, na kwa miaka mingi tumetenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao. Nilipoombwa kuandika wasifu huu, nilimwendea nikamuuliza angependa nisiache nini. Nilitegemea anitajie harusi ya mapacha, au ile ya mvua.

"Andika ile harusi ya muuguzi," akasema.

Nikamwambia hii ni sherehe, watu watakuwa wameshika glasi zao wanataka kucheka.

"Basi wazishike vizuri. Usipoandika, nitasimama niiseme mwenyewe, na mimi nikianza nitalia, nitawaharibia shughuli."

Kwa hiyo naandika, na naomba msomaji anivumilie, maana ni habari ya aibu na yeye mwenyewe hataki ipakwe rangi.

Ilikuwa miaka ile tulipoacha kanda na kuanza kutumia memori kadi. Hali ya studio ilikuwa mbaya. Kila kona ilikuwa na kijana mwenye kamera na bei ya kutupa. Mwenye studio alimkabidhi Bi Tulia kazi ya kununua kadi na betri za msimu mzima, akamwambia abane matumizi mpaka yapige kelele. Bi Tulia alikuwa bingwa wa kupatana bei na alijivunia hilo. Hakwenda kwenye duka la vifaa vya kamera tulikozoea. Alikwenda kwenye vibanda vya vifaa vya simu nyuma ya kituo cha mabasi, na huko akaipata: kadi yenye nembo ya kampuni kubwa, iliyoandikwa nafasi kubwa kuliko yoyote tuliyowahi kuwa nayo, kwa bei ya kadi ndogo. Akaijaribu palepale. Alimrekodi muuzaji akitabasamu, akatazama, picha ikatoka safi. Alirudi ofisini akiipunga hewani kama bendera.

"Nimewaibia mchana kweupe!" akasema, nasi tukampigia makofi.

Harusi ya kwanza ya kadi ile ilikuwa ya muuguzi. Baba yake alikuwa seremala, mgonjwa sana, aliyepewa ruhusa ya kutoka hospitalini kwa siku hiyo tu. Kwa majuma kadhaa alikuwa haongei ila neno moja moja. Lakini ukumbini, zamu ya wazazi ilipofika, mzee alisimama, akashika mgongo wa kiti, akaongea. Aliongea juu ya binti yake alivyokuwa mdogo, juu ya mkewe aliyetangulia mbele ya haki, juu ya kitanda alichomchongea binti huyo na kila mwaka akakiongeza urefu. Bi Tulia alimsogelea mpaka uso wa mzee ukajaa kwenye kioo cha kamera, huku yeye mwenyewe nyuma ya kamera analia kimyakimya. Alama nyekundu ilikuwa inawaka, dakika zinahesabika. Hakubadilisha kadi siku ile, maana ilikuwa kubwa na haikuwa na haja.

Siku iliyofuata aliileta kwangu. Sehemu ya kuvaa ilikuwa nzuri, na viapo vilikuwepo. Kuanzia kuingia ukumbini, mafaili yalionekana yote, kila moja na tarehe yake na ukubwa wake. Ukifungua, ni weusi mtupu. Nilijaribu kila nilichokijua. Tukaipeleka kwa fundi wa kompyuta, naye hakuchukua muda.

"Hii ni feki," alisema. "Ni kadi ndogo iliyovikwa koti la kubwa. Ikijaa haisemi imejaa. Inaendelea kupokea na kutupa, kupokea na kutupa. Hapa hakuna cha kurudisha, maana hakuna kilichoandikwa."

Bi Tulia alipoijaribu kule kibandani alikuwa ameijaribu mwanzo wake tu.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu, na tulipofika studio alikaa kwenye ngazi, akashindwa kuingia.

Sasa nafika mahali alipoamuru nisiparuke. Bibi harusi alipopiga simu kuulizia video, Bi Tulia alimjibu kwa sauti yake ileile ya kila siku: "Bado tunahariri, mwanangu. Nataka itoke safi."

"Sawa, shangazi. Ni baba tu, anauliza kila siku. Anataka ajione akiongea."

Alipiga tena baadaye, akajibiwa vilevile. Kila baada ya simu, Bi Tulia alikuwa akiahidi kwamba kesho atasema ukweli. Kesho ikifika, anapata harusi nyingine ya kushughulikia. Kisha tukasikia kutoka kwa mpambaji wa ukumbi kwamba mzee amefariki.

Mwenye studio alimwita, akamshauri aseme umeme ulikuja kwa nguvu ukaunguza mashine. "Umeme hauna mdomo wa kujitetea," alisema. Bi Tulia hakukataa. Alikwenda nyumbani akaufanyia mazoezi uongo huo mbele ya kioo. Anasema alikuwa anauweza vizuri, na hicho ndicho kilichomtisha.

Alikwenda msibani peke yake, bila kamera wala mkoba. Viti vilikuwa vimepangwa nje. Alikaa mwisho kabisa mpaka wageni wakapungua, kisha akamfuata muuguzi upande wa jikoni, alikokuwa anaosha vikombe.

"Hotuba ya baba sina," akamwambia. "Nilinunua kadi feki kwa sababu ilikuwa rahisi. Haikurekodi."

Muuguzi aliendelea kushika kikombe. "Lini ulijua?"

"Siku moja baada ya harusi."

"Kwa hiyo nilipokuwa napiga simu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Muuguzi akaweka kikombe chini taratibu. "Ungemwambia tu. Angerudia. Alikuwa bado anaweza kuongea. Mwezi mzima alikaa pale kitandani anaweza kuongea."

Bi Tulia alikuwa amejiandaa kutukanwa na kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kwa hilo, maana halikuwahi kumpitia kichwani. Siku zote alikuwa anaililia kadi. Pale jikoni ndipo alipoelewa kwamba kadi ilikuwa imepoteza hotuba, lakini aliyeizuia isisemwe tena ni yeye. Mpaka leo akifika hapo katika kusimulia, hutazama sakafu.

Aliomba orodha ya wageni, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba baada ya kazi, akiuliza kama kuna aliyerekodi kwa simu. Wengi walikuwa na picha za keki na za kwao wenyewe. Mama mdogo wa bibi harusi ndiye aliyekuwa na kitu: aliwasha simu, akaanza kulia, akailaza mapajani. Picha yake yote ni kitambaa cha meza. Lakini sauti ya mzee ilikuwamo, tangu alipotaja kitanda mpaka mwisho, pamoja na kikohozi cha mtu na mlio wa vijiko. Niliisafisha kadiri nilivyoweza na tukaiwekea picha za mnato za siku ile. Bi Tulia aliipeleka kwa mkono wake. Muuguzi aliipokea mlangoni, akasema asante, akafunga mlango. Hakumkaribisha ndani, na Bi Tulia hakuona kosa.

Baada ya hapo akabadilisha namna tunavyofanya kazi, na kila mwenye kamera hapa studio analelewa kwa sheria zake. Kadi zinanunuliwa duka moja tu, kwa mtu ambaye kesho utamkuta na atakutambua. Hanunui kadi moja kubwa. Anachukua ndogo kadhaa, na kadi inabadilishwa baada ya viapo na kabla ya hotuba, ili moja ikifa isife na harusi nzima. Kadi mpya haiendi harusini kabla ya kujazwa hadi pomoni, halafu unatazama mwisho wake. Ndiyo maana tuna saa nyingi za video ya saa ya ukutani, tunayoirekodi ili kujaza kadi, na kuna mfanyakazi mpya aliyedhani kazi hiyo ni adhabu.

Kwenye betri pia hana mchezo. Heri chache za kampuni iliyotengeneza kamera kuliko rundo la za bei poa, zinazovimba kama shavu lenye jino bovu na kuzimika wakati wa busu. Iliyotumika inaingia mfuko wa kushoto na haitoki huko mpaka ifike kwenye chaja. Hata hivyo bajeti yetu haijawahi kunenepa, kwa hiyo ubahili wake wote aliuhamishia kwingine: mikoba ya mitumba, stendi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na shuka jeupe la kurudisha mwanga badala ya taa ya pili.

Sheria ya mwisho ni kwamba kikiharibika kitu, wenye harusi wanaambiwa papo hapo. Hiyo ameitekeleza mbele yetu. Kwenye harusi ya mwalimu mmoja betri ilimzimikia keki ikikatwa. Alinyoosha mkono, muziki ukasimamishwa, akatangaza mbele ya ukumbi mzima: "Samahanini, nimewakosa. Naomba mkate tena." Uso ulimwiva kwa aibu. Maharusi wakacheka, wakakata upande wa pili, na ndiyo sehemu wanayoipenda kuliko zote.

Mwaka jana alikwenda zahanati kupima presha. Aliyemkaribisha kwenye kiti alikuwa muuguzi yuleyule. Walitambuana mara moja. Muuguzi akamfunga kitambaa mkononi, akapima, akakunja uso.

"Iko juu. Umepanda ngazi?"

"Hapana, mwanangu. Ni wewe."

Muuguzi akamwacha apumue, akapima tena kwa upole. Alipokuwa anaandika majibu, akasema bila kuinua macho: "Ile sauti ninayo kwenye simu. Wanangu wanamjua babu yao kwa hiyo."

Hakusema amesamehe, na Bi Tulia hakuuliza. Alitoka pale akasahau dawa zake kwenye dirisha la dawa.

Huyo ndiye tunayemuaga. Tumefanya kazi na mtu aliyeibeba aibu yake kwa miaka bila kuitua mabegani mwa umeme wala muuzaji wa kibandani, na maelfu ya familia zina harusi zao salama kwa sababu hiyo. Bi Tulia, pokea shukrani zetu zote. Tunakutakia afya njema, miguu isiyouma, wajukuu wa kukusumbua, na zile Jumamosi zote ambazo hukuwahi kuwa nazo.