Niliogopa Kulala, Bwana Akanifundisha Upya

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Ruiru! Asifiwe hata na sisi tunaosema polepole. Walioketi nyuma wasiponisikia vizuri wanisamehe. Tangu nifiwe, sauti yangu haijarudi yote.

Mimi ni kibarua katika shamba la mkonge, upande wa Thika. Mke wangu, mama wa Wambui, alifariki usiku kando yangu, kitanda kimoja. Hakuwa mgonjwa. Hakuniita. Au labda aliniita, ndugu zangu, nami nikawa nimelala! Hilo silijui mpaka leo. Asubuhi nilimsemesha habari ya chai, nikamgusa, alikuwa baridi. Tulimzika Gatuanyaga, nikarudi na mtoto wetu wa pekee, Wambui, kwenye chumba chetu katika nyumba za wafanyakazi.

Tangu hapo niliogopa usingizi. Nilijiambia: nikilala, na huyu ataondoka. Mnajua kafyu ilivyo. Filimbi ikilia mlango unafungwa, huwezi kumwendea ndugu yeyote muombe pamoja. Basi niliketi peke yangu kando ya mtoto, nikaweka mkono chini ya pua yake. Akitoa pumzi nashukuru, kisha naanza kuogopa pumzi inayofuata. Mara nyingi nilimwamsha bila kutaka. Mara moja akaniuliza, "Baba, na mimi nitakufa?"

Nilifanya kama tunavyofanya sisi tuliookoka. Niliomba kwa sauti kuu, nikakemea, nikalia! Lakini kadiri nilivyopaza sauti, ndivyo moyo ulivyozidi kwenda mbio. Ukuta wetu ni mabati tu, na upande wa pili anakaa Mama Nafula, mama mmoja aliyetoka magharibi. Akagonga bati.

"Baba Wambui! Mungu si kiziwi. Lakini mimi, ukiendelea hivi, kesho nitakuwa kiziwi!"

Nilikasirika. Nikasema moyoni, huyu hajui wokovu.

Ndugu zangu, kazi yangu ni kupanga majani ya mkonge juu ya meza inayoyapeleka ndani ya mashine. Mashine ile haijui jani wala mkono. Siku moja nilisinzia nikiwa nimesimama. Niliamshwa na nyapara akinivuta shingoni, na mkono wa shati langu umekwisha kushikwa na mashine, ukapasuka.

"We! Unataka kuoa mashine?" akapiga kelele, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukisinzia tena nakutoa. Afadhali uende nyumbani bila kazi kuliko bila mkono."

Mtoto hana mama, na baba naye akose mikono? Nani atamlea?

Jioni Mama Nafula alimletea Wambui uji. Akaona mkono wa shati langu ulivyopasuka.

"Baba Wambui, wewe unamwambia Bwana maneno mengi," akasema, "lakini huketi naye hata kidogo."

Akanieleza kwamba katika kanisa la wazazi wake watu huketi kimya pamoja kabla ya yeyote kufungua kinywa. Akaniambia nichukue habari moja tu ya Injili: Bwana amelala ndani ya chombo baharini, dhoruba inapiga, na kichwa chake kiko juu ya mto.

"Usiombe kitu. Pumua polepole, umtazame akilala. Mawazo yakitoroka usiyapige, yarudishe tu kama mbuzi."

"Kunyamaza? Mtu aliyeokoka hunyamaza?"

"Kwani Yeye alipolala mle alikuwa amepoa kiroho?"

Tumezoea kusema kwamba kimya ni cha waliorudi nyuma, nami niliogopa kupoa. Lakini mashine niliiogopa zaidi. Nikaketi.

Sitawadanganya. Usingizi haukuja siku ile. Mawazo yalikimbilia kaburini, nikayarudisha, yakakimbia tena. Jioni baada ya jioni niliketi hivyo. Halafu nikaanza kulala kidogo, kisha zaidi, na nikiamka moyo hauendi mbio. Machozi yalibaki. Sikuyaombea yaondoke.

Ndipo Wambui akashikwa na kifua. Nikakesha naye tena, lakini safari hii kwa sababu alinihitaji. Zamani kukesha kulinivunja. Sasa nilikwenda kazini nimechoka, ndiyo, lakini akili iko mahali pake na mikono inanitii! Saa ya chakula nilifumba macho, nikamtazama Bwana aliyelala, nikainuka. Sijui ni kwa namna gani, mimi sikusoma sana. Wala sisemi mtu anaweza kuishi bila kulala. Bwana mwenyewe alilala.

Mtoto akapona. Asubuhi moja nikasikia kitu chini ya pua yangu. Nikafungua macho: kumepambazuka, jua linaingia kwenye matundu ya misumari, na ule ni mkono wa Wambui.

"Baba, umelala sana," akasema. "Nikaogopa."

Nikacheka, ndugu zangu! Tangu mazishi sikuwa nimecheka. Nikaushika mkono wake, nikauacha pale pale. "Sikia basi," nikamwambia. "Pumzi inatoka."

Namshukuru Bwana. Namshukuru na Mama Nafula, yule pale karibu na mlango. Dada, nisamehe kelele zangu. Na wewe ndugu uliye hapa, unayeogopa kufumba macho kwa sababu kuna mtu uliyempoteza, leo usipigane. Keti kimya. Yumo chomboni pamoja nawe. Mwamini, ulale.