Salah Alio Yarow na Faili Kumi na Moja

Bwana Salah Alio Yarow anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne katika kazi ya usajili wa vitambulisho.

Alianzia Griftu, Februari 1993, akichukua alama za vidole. Wateka maji ya visimani walikuwa wamesuguliwa vidole na kamba hadi wino haushiki. Salah aliwapa mafuta ya simsim, akawaagiza wapake na kupumzisha kamba siku tatu. Mzee mmoja alipaka ndevu, akarudi akinukia vizuri na vidole vikavu vilevile.

Hapa Garissa tutakumbuka ubishi wake na Bare, karani wa masjala, kila saa ya chai. Bare alishikilia kwamba babu yake alichunga ngamia hadi Elwak bila karatasi, akijulikana kwa ukoo wake. Leo, alilalamika, mtu asiye na kadi anashushwa garini kwenye kizuizi cha polisi kana kwamba kuzaliwa hapa hakutoshi. Salah alimjibu kwamba ukoo hausajili laini ya simu wala haupigi kura. “Mjane asiye na kadi, abti, mjomba wangu, atadai shamba la mumewe kwa kuimba?”

Tarehe 9 Septemba 2019 alikuja Ruweyda, binti wa mtaa wa Galbet, kuomba kitambulisho, na barua ya chuo cha uuguzi mkononi. Kompyuta ilisoma alama za vidole vyake, ikaonyesha kuwa ni mkimbizi. Katika ukame wa 2011 mama yake alimwandikisha kwenye kambi ya wakimbizi ili apate chakula, ingawa alizaliwa hapa. Siku hiyo Salah hakubishana na Bare. “Kadi inajua vidole,” alisema, “haijui njaa.”

Alifuatilia faili yake kila wiki. Nafasi ya chuo ilimpita Ruweyda mara mbili kabla ya kitambulisho kutoka, tarehe 14 Machi 2022. Sasa yuko mwaka wa mwisho.

Faili kumi na moja kama hiyo bado hazijakamilika. Jumanne iliyopita Salah alizipeleka kwenye meza ya Bare. Bare aliuliza kwa nini yeye, asiyeipenda kadi.

“Anayeipenda atasema mambo yatajirekebisha,” Salah alijibu. “Wewe hutangoja.”

Bare alinung'unika, akafungua ya kwanza. Kufikia adhuhuri alikuwa amepiga simu tatu.

Ahsante, Bwana Salah. Mwenyezi Mungu akupe afya, wewe na mkeo, Mama Hinda, na mvua iwafikie mbuzi wako kwa wakati. Pumzika kwa moyo mtulivu. Faili ziko mikononi mwa mbishi.