Swali la Sehemu ya Pili

Ndugu waombolezaji, mama zetu, baba zetu, majirani na nyote mlioacha kazi zenu leo, haya ni maisha ya baba yetu kama familia inavyoyajua, yanasomwa na binti yake, mtoto wa pili na wa mwisho, ambaye anaomba mumvumilie akisoma haraka haraka, kwa sababu akisimama katikati hana hakika kama ataweza kuanza tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, chumba cha mwisho upande wa boila, mtoto pekee wa fundi wa boila hiyo na mke wake, akakua ameegemea ukuta wenye joto, na mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba baridi aliijua siku alipooa. Tarehe 2 Juni 1975, marehemu akiwa na miaka kumi na mitatu, baba yake alianguka kwenye ngazi za boila na spana mkononi, hakuwa ameumwa, hakuwa amelalamika, alikuwa na miaka arobaini na saba tu, na watu wazima wakasema ni kazi nyingi, wengine wakasema ni joto, wakamzika, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 katika shule ya msingi ya pale kiwandani, akaendelea na sekondari ya kutwa mpaka kidato cha nne mwaka 1979, akafaulu lugha vizuri, hesabu zikamshinda kweupe, na walimu wake walimkumbuka zaidi kwa kuigiza sauti zao nyuma ya madirisha, mpaka siku moja mwalimu mkuu akajibizana na sauti yake mwenyewe iliyotoka nje, akadhani anaumwa.

Mwaka 1980 aliajiriwa jumba la sinema la mjini, akikata tiketi mlangoni, na mwaka 1983 akapandishwa chumba cha mashine, alikofanya kazi ya kuonyesha picha mpaka jumba lilipofungwa mwaka 1992 na kugeuzwa ghala la magodoro. Mwaka uliofuata alianza kazi ambayo wengi wenu mnamjua nayo, ya kutafsiri mikanda katika ukumbi wa video nyuma ya soko, yeye na kipaza sauti chake kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, akiwa stelingi, akiwa adui, akiwa bibi kizee, akiwa mbwa, wote peke yake, na kama picha ilikuwa na ukimya mrefu yeye aliujaza, maana alisema watu hawakuja kutazama mtu akifikiri.

Ndoa yake ilitokana na kazi hiyo. Mama yetu, fundi cherehani, alikuwa na chumba chake kilichopakana ukuta na ukumbi ule, akawa anasikia watu wakifa siku nzima bila kuwaona, mpaka akachoka akaenda mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, akasema mbele ya wateja, "Wewe kaka, huyo mwanamke wako wa leo analia kama kuku aliyekanyagwa, hujawahi kusikia mwanamke analia?" Marehemu akajibu, "Sijawahi kumliza mmoja, dada, nitajifunzia wapi?" Ukumbi mzima ukapiga makofi, mama akarudi kwenye cherehani yake amekasirika anacheka, na tarehe 15 Julai 1995 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wawili, kaka yetu mwaka 1996, ambaye ni fundi friji, na msomaji huyu mwaka 2000, na mjukuu mmoja, wa msomaji, mwenye miezi tisa, ndiye huyo mnayemsikia analia kwa bibi yake.

Haiwezekani kusoma maisha ya marehemu bila kusema jina lake la Mfufuaji, kwa sababu wapo hapa waliokuwepo siku alipolipata. Uliletwa mkanda mpya, umerudiwa, yaani umeigizwa upya, kutoka mkanda wa zamani alioutafsiri mpaka ukamwingia usingizini, ukumbi umejaa, na kwa kawaida yake alikuwa anautazama mkanda kwanza peke yake, lakini siku hiyo akasema, "Huu? Huu naujua kuliko waliouigiza," akakaa kwenye kiti chake akauhadithia kwa kichwa. Wakafika darajani, pale ambapo zamani stelingi alipigwa risasi akafa, marehemu akafa vizuri sana, akaaga mke, akausia watoto, akakoroma, akakata roho, na kwenye televisheni yule mtu akanyanyuka, akajipangusa suruali, akaomba maji. Kinyozi wa jirani, rafiki yake mpaka leo, akapiga kelele, "Mzee, umemzika mtu anaona!" Na marehemu, papo hapo, kwa sauti ya stelingi, "Jamani nimefufuka, nileteeni maji, kaburini kuna joto."

Hapo ndipo lilipoanza lile bishano la barazani kwa kinyozi, lililodumu miaka. Katika mkanda wa zamani, sehemu ya pili ilikuwa ni mjane anayelipa kisasi, sasa kinyozi akawa anadai kwamba waliorudia ya kwanza lazima watarudia na ya pili, marehemu anamjibu, "Wamrudie mjane gani, na mume yuko mezani anakunywa chai?" Na hata kwa mikanda mingine alishika neno lake, kwamba ya kwanza hurudiwa kwa sababu jina linajaza ukumbi, lakini ya pili mara nyingi hairudiwi, wanakaa wanaandika nyingine kabisa, kinyozi anamtajia uliorudiwa mpaka wa tatu, marehemu anasema huo ni mmoja, hauhesabiki, na wateja wanaondoka wamenyolewa upande.

Ugonjwa wake ulianza taratibu. Mwanzoni mwa mwaka jana miguu ilianza kuvimba jioni, akafungua viatu akasema ni kiti, kisha pumzi ikaanza kumkatika katikati ya mapigano, watu wanapigana kwenye televisheni kimya kimya, wateja wanauliza, "Mzee vipi, leo wamekuwa mabubu?" naye anatania kwamba wameishiwa maneno. Tarehe 6 Novemba 2023 alianguka kutoka kwenye kiti chake, akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya moyo, na daktari wa moyo akamwita ndani pamoja na binti yake, aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Daktari alimuuliza baba yake mzazi alifariki kwa nini. Marehemu akasema, "Kazi nyingi." Daktari akauliza, "Alianguka ghafla?" Marehemu akatazama dirisha, akasema, "Ghafla." Ndipo daktari akawaeleza kwamba msuli wa moyo wake umenenepa kupita kiasi, kwamba ugonjwa wa namna hii unatembea kwenye damu ya ukoo, mzazi humpa mtoto au asimpe, nusu kwa nusu, kwamba mwenye nao anaweza asijue kitu mpaka siku anapoanguka, na kwamba ukijulikana mapema kuna dawa na kuna njia za kumlinda mtu. Marehemu akasema, "Kumbe mimi ni mkanda uliorudiwa," daktari akatabasamu tu, na binti kabla hajajizuia akauliza, "Na sehemu ya pili, baba, nayo inarudiwa?" Na huyu mtu, ambaye jibu la swali hilo alikuwa nalo kila siku kwa kinyozi, ambaye hakuwahi kuuacha ukimya upite mbele yake, alimtazama yule mtoto mgongoni, akanyamaza, wakatoka, wakapita duka la dawa, wakafika getini, bado amenyamaza.

Tangu siku hiyo msomaji amekuwa akiweka sikio kifuani kwa mtoto akilala, asijue anasikiliza nini, kikienda mbio anaogopa, kikitulia anaogopa zaidi, na yeye mwenyewe moyo wake ulimwenda mbio wakati wa ujauzito akaambiwa ni ujauzito, basi akaamini, sasa hajui aamini nini. Kaka naye hupanda juu ya mapaa kutengeneza mitambo ya baridi, na mwezi uliopita alionekana ameshika ngazi kwa mikono miwili, anahema, akasema ni gesi. Alipoambiwa akapime, alisema, "Baba mwenyewe kasema sehemu ya pili hairudiwi. Mnataka kunitia ugonjwa kwa mdomo?"

Maneno hayo yalimfikia marehemu wodini, alikokuwa amerudi kulazwa. Akamwita binti karibu, sauti imebaki moja tu, ya kwake mwenyewe, akasema, "Mwambie kaka yako yale yalikuwa ya mikanda. Nilikuwa nambishia kinyozi. Nendeni mkapime, wote, na huyo mdogo." Kaka alipofikishiwa akasema mgonjwa hasemi, anasemeshwa na wanaomuuguza.

Marehemu alifariki tarehe 11 Februari 2024, saa moja asubuhi, wodi ya wanaume, mama amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, kwa dawa na kwa kutuambia ukweli mapema, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kulea mtoto, inamshukuru kinyozi, aliyemnyoa kitandani na kumbishia mpaka akacheka, na mwenye ukumbi pamoja na wateja wote, waliofunga televisheni siku tatu. Mama amesomewa maneno yanayofuata, akasema yasomwe hivyo hivyo. Kliniki ya moyo ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, na majina matatu yameandikishwa, la msomaji, la mtoto wake, na la kaka. Msomaji anaogopa, hajawahi kuogopa hivi, hata kujifungua hakuogopa hivi, anaogopa kwenda na anaogopa kutokwenda, lakini atakwenda, na ameshindwa kumwomba kaka nyumbani kwa sababu nyumbani kaka anatoka nje, kwa hiyo anamwomba hapa, mbele yenu, asimwache akae kwenye benchi lile peke yake.

Pumzika kwa amani, baba, umefanya kazi yako na sauti zako zote. Kaka, Alhamisi, saa mbili.