Nafasi ya Vidole Viwili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa baiskeli. Alifariki Jumatano iliyopita asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Narudia kwa ajili ya waliochelewa kutufikia: fundi wa baiskeli, yule ambaye wengi wenu mlimwita Vua Viatu, hatunaye tena.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Fremu zilizokwisha kutumiwa na wengine zilining'inia darini kwa kulabu. Hakuuza baiskeli mpya maishani mwake. Wala hakumuuzia mtu fremu kabla ya kumpima. Mteja alivua viatu. Aliegemeza mgongo ukutani, akabana kamusi kuukuu katikati ya mapaja, akaivuta juu mpaka ikagota, kama aliyekalia kiti cha baiskeli. Fundi alitia alama ya penseli ukutani, akapima kwa utepe kutoka sakafuni. Kisha mteja alisimama juu ya fremu, bomba la juu likiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikikanyaga chini. Kati ya bomba na mwili sharti ipatikane nafasi ya vidole viwili. Vidole viwili, wasikilizaji. Kikikosekana kimoja, fremu ilirudishwa kwenye kulabu.

"Kiti hupanda na kushuka," alizoea kusema. "Fremu haikui, wala haisinyai."

Mwashi mmoja alimkasirikia. "Mzee, nimekuja kununua baiskeli, sikuja kushonewa suruali!"

"Suruali ikikubana utanunua nyingine," fundi akamjibu bila kucheka. "Bomba hili likikubana, utawaaga wajukuu ambao hawajazaliwa. Vua viatu."

Mwashi alivua. Soksi zake zilikuwa na matundu, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Watu walidhani ni ukaidi tu wa mzee. Haikuwa hivyo. Nilizungumza na dada yake mdogo siku ya Ijumaa, naye ameniruhusu kuwaeleza.

Dada huyu ni mkunga. Miaka kumi na mmoja iliyopita alipewa kazi ya kuwazungukia wajawazito majumbani mwao, akahitaji baiskeli. Alifika karakanani siku ya mvua, miguuni ana viatu vya kazi vyenye soli nene. Akainama afungue kamba.

"Baki navyo tu," kaka yake akamwambia. "Sakafu imelowa, utapata mafua bure."

Akampima na viatu vyake. Nafasi ilikuwa ya vidole viwili kamili. Fundi akaridhika, dada akaondoka na baiskeli yake. Mwezi uliofuata, siku ya jua, alitoka amevaa ndala. Mkokoteni ukajitokeza ghafla kwenye kona. Akafunga breki, akashuka kwenye kiti, akatafuta ardhi kwa mguu. Hakuipata. Soli nene ya vile viatu vya kazi ndiyo iliyokuwa nafasi yote. Baiskeli ikamwangukia, na nyonga ya kushoto ikavunjika.

Mfupa uliunga vibaya. Mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia. Kazi ya kuwazungukia akina mama ikaenda kwa mwingine. Kaka yake alipokwenda kumtazama hospitalini, dada alimwambia sentensi moja: "Kaka, ulipima viatu vyangu, mimi hukunipima."

Tangu siku hiyo kila mteja alivua viatu. Tangu siku hiyo pia, dada hakuingia tena katika karakana ile. Walisalimiana misibani na harusini. Habari ya baiskeli haikutajwa. Fundi hakujua kama amesamehewa, na hakuthubutu kuuliza. Alichofanya ni kutafuta. Kila mzigo wa fremu ulipoletwa, alichambua zile fupi akazipima upya. Kwa miaka kumi na mmoja alitafuta fremu itakayomkaa dada yake.

Aliipata mwaka huu, ya kijani, na wakati huo ugonjwa wa figo ulikuwa umekwisha kumlaza kitandani. Mkewe akamtumia wifi yake ujumbe: "Njoo wifi. Anakuulizia wewe na hiyo fremu yake, hana habari nyingine."

Dada alikuja Jumapili alasiri. Fremu ilikuwa imesimamishwa kando ya kitanda.

"Mimi siwezi kuinuka," fundi akasema. "Simama juu yake, uniambie. Umevua viatu?"

"Nimevua, kaka."

"Nyayo zote mbili ziko chini?"

"Zote mbili."

"Vidole vingapi?"

"Viwili."

"Usinipendelee."

"Viwili, kaka. Vinapita."

"Basi inakukaa," akasema, akafumba macho.

Wasikilizaji wapendwa, havikupita. Mke wa marehemu alikuwa ameketi chini, akaona kisigino cha kushoto kikielea. "Hata kidole kimoja hakikupita," dada aliniambia. "Nilimdanganya mgonjwa. Lakini hilo silo linaloniliza. Nilikuwa na neno la kumwambia, kwamba nilikwisha kumsamehe zamani. Nikaona aibu. Nikamwambia habari za vidole, nikadhani ataelewa. Jumatano wifi akanipigia simu."

Kama alielewa, hakuna ajuaye. Nami sitawafariji kwa kubuni jibu.

Kwa mjane wa marehemu, kwa watoto wake watatu, na kwa dada yake aliyejikaza kutueleza haya: pokeeni pole zetu. Mungu awatie nguvu, naye marehemu ampumzishe mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, jihojini. Yupo mtu anayengoja msamaha wako, na wewe umekwisha kumpa moyoni bila kumwambia? Huo bado haujamfikia. Usimtume mtu, wala usitumie fumbo. Mtazame usoni, umwambie.

Sasa nitanyamaza kwa dakika moja. Anayehitaji kuinuka na kwenda, na ainuke.