Ndoo ya Vyura ya Shefu Sibomana

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Biryogo, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Mama Kanyange: ubao mmoja juu ya matofali, wabishi wanne, na kahawa ya tangawizi inayounguza ulimi. Mimi ni fundi viatu. Nasikia yote nikiwa nimeinama, na kunyamaza siwezi. Siku hiyo, masika ya mwaka tisini na tatu, Sibomana alikuja na ndoo iliyofunikwa kitenge. Tunamwita Shefu kwa sababu anampikia muzungu mmoja wa mradi wa barabara. Alipofunua, ehee! Vyura tele, kawaokota kule bondeni Nyabugogo, wanakanyagana migongoni.

Mama Kanyange: Toa laana hiyo karibu na birika langu!

Shefu: Nisaidieni, ndugu zangu. Kesho mchana bosi ana wageni, anataka miguu ya chura. Kasema wenye ngozi laini niwapike. Wenye vipele wana sumu, niwamwagie maji ya moto wafe. Nikichanganya, mgeni anaanguka mezani na mimi naenda gerezani. Nikishindwa kutenganisha, nisirudi kazini. Miaka tisa, jamani!

Wa kwanza kujibu alikuwa Bigirimana, dereva wa lori. Tunamwita Feri, maana yake breki, kwa sababu lori lake halina, na mdomo wake vilevile.

Feri: Hii iko rahisi. Angalia miguu. Mwenye mirefu anaruka, huyo laini. Mwenye mifupi anatambaa, huyo wa vipele. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi: Mkuu wa vyura ni nani?

Feri: Wewe shona viatu, sha, ndugu yangu!

Hajamaliza, mmoja wa miguu mifupi akaruka hadi gotini kwa Dokta. Dokta ni Rugamba. Alifagia dispensari miaka miwili na mpaka leo anatutibu kwa maneno.

Dokta: Miguu inadanganya. Mambo yote yako kwenye ngozi. Huyu wa vipele hanywi kwa mdomo. Anakalia maji, yanaingia kwa tumbo.

Feri: Ayii! Uongo wa dispensari huo!

Dokta: Mnasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Na chura mwenyewe anakunywaje? Hamjawahi kuuliza!

Shefu: Lakini wote wamelowa, Dokta. Ngozi zote zinang'aa.

Dokta: Basi wakaushe juani, uwapapase mmoja mmoja.

Feri: Uwapapase wa nini? Wapime pua!

Mwaka ule mjini kwetu watu walikuwa wanapimana pua kwa macho, na kadi ya mfukoni ilikuwa inasema wewe ni kabila gani kabla hujafungua mdomo. Pale ubaoni hatukuwahi kuulizana. Nilipandwa na hasira.

Mimi: Waombe kadi kabisa, Feri!

Feri: Nimesema vibaya. Yaishe, fundi.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja na mkeka kichwani, akaomba maji ya kunywa. Jina lake Uwamahoro, amekimbia vita kaskazini, analala kambini nje ya mji. Mama Kanyange alimpa maji. Akanywa, akachungulia ndooni.

Uwamahoro: Mnawafanya nini hawa?

Shefu: Tunawatenganisha, mama. Laini huku, wa vipele kule.

Uwamahoro: Laini wanaenda wapi?

Shefu: Kwenye sufuria.

Uwamahoro: Na wa vipele?

Shefu: Maji ya moto.

Uwamahoro: Sasa atakayepona ni yupi?

Dokta akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Shefu akasimama. Akabeba ndoo mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua, akaimwaga yote. Wenye miguu mirefu wakaruka, wenye mifupi wakajikokota, wote wakateremka na maji.

Feri: Shefu! Kazi yako!

Shefu: Kazi yangu ni kupika, na kupika najua. Hii siyo kupika. Anayetaka kutenganisha aje ashike ndoo mwenyewe. Mkono huu hautengi!

Akavua aproni yake nyeupe, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya ndoo tupu ili ampelekee bosi. Nilimwonea huruma, na nilimwonea fahari, Mungu shahidi.

Mama Kanyange akamimina kikombe cha mwisho, akampa Uwamahoro.

Mama Kanyange: Sogeeni nyie, mgeni akae.

Tukabanana, naye akapata nafasi.

Feri: Na bosi akiuliza vyura wako wapi?

Shefu: Nitamwambia wamerudi kwao. Wote.