Picha ya Kumi ya Mama Papo

Haraka haraka ina baraka, wasikilizaji wapendwa. Ndivyo alivyosema marehemu Mama Papo, na wahenga wakinuna, wanune. Kamera yake ilikuwa kuukuu, ya plastiki, ya bei ya chini. Unabonyeza, nayo inatoa picha papo hapo, kama mtoto anayekutolea ulimi. Kwa miaka thelathini alisimama nje ya wodi ya wazazi, akiwapiga picha mama na vichanga vyao.

Picha ilitoka nyeupe. Wateja waliitikisa ili iwahi.

"Usiitikise, utaitia kichefuchefu," aliwakanya. Yeye aliibana kwapani, akahesabu hadi mia. Joto la mwili, alisema, ndilo linaloiamsha.

Mwenyewe hakupigwa hata picha moja. Hata moja, wasikilizaji. Akazikwa bila sura yake kubaki popote.

Jambo hilo lilimkereketa bintiye, fundi cherehani. Siku ya tatu baada ya maziko aliishika kamera. Kasha la picha kumi ndani yake lilikuwa limebakiza moja. Akaielekeza dirishani, kwenye kiti cha mama yake.

"We mtoto, unapiga picha kiti?" akauliza mjomba wake.

"Napiga alipokaa, Mjomba. Nyinyi mlikuwa na miaka sitini ya kumpiga mwenyewe."

Akabonyeza. Picha ikatoka nyeupe. Akaibana kwapani, akahesabu. Alipofika sitini ilikuwa inamuunguza. Hakuitoa. Mia ilipotimia, akaitazama.

Dirisha lilikuwepo. Kiti kilikuwepo. Na kitini, bega na mkono wa gauni la maua, kiwiko kimebanwa ubavuni, kama mtu anayehesabu. Mahali pa uso palikuwa peupe.

"Ichome," mjomba akanong'ona. "Umemwamsha. Ichome, kisha utuombe radhi sote."

"Mnamwogopa dada yenu?" binti akamjibu. "Mimi nataka kumwona mama yangu tu."

Akatuletea hapa redioni, ikae mahali asipoifikia mwenye kiberiti.

Tunaipa familia pole. Nawe unayetusikiliza, jiulize: nyumbani kwenu, nani hupiga picha za wengine, naye haonekani katika hata moja?

Picha iko mezani kwangu. Bado ina joto. Asubuhi haikuwa na kidevu. Sasa inacho, na mdomo unaanza.

Mjomba yuko kwenye simu. Anataka niombe radhi kwa kuyasema haya hewani.

Mjomba, pole kwa msiba. Radhi siombi.