Fremu ya Leodegar

Benchi letu lilikuwa mbao moja ya mninga juu ya matofali, kona ya Mtaa wa Kipata ukielekea Gerezani, na mtu akikuambia Kariakoo ya wakati ule ilikuwa na benchi jingine la maana, mwambie Abbasi muuza kahawa amekataa. Mimi ndiye Abbasi. Birika langu, mkaa wangu, vikombe vyangu, na kashata zangu sukari ikipatikana. Wao kazi yao ilikuwa kukaa na kujua kila kitu. Alikuwepo Mzee Severine, balozi wetu wa nyumba kumi, tuliyemwita Muhuri kwa sababu muhuri wake ulilala naye na kuamka naye. Alikuwepo Mzee Bakili, mstaafu wa reli, jina lake Redio, maana kila alichokisikia alikitangaza, na asichokisikia alikitangaza pia. Na Nassibu, mchukuzi wa sokoni, jina lake Kocha. Hajafundisha timu yoyote, lakini hakuna timu asiyoilaumu. Ulikuwa mwaka ule mpaka wa Kenya umefungwa, vipuri hakuna, sabuni ni foleni, na lori la kuzoa wazururaji linazunguka mitaani. Ukikutwa huna karatasi ya balozi ya kusema una kazi, unapakiwa, unapelekwa kulima. Siku hiyo habari ilikuwa kwamba kesho lori liko Gerezani. Na Ignasi fundi, ambaye kiwanja chake kilikuwa nyuma ya benchi letu kabisa, karatasi yake alikuwa nayo, imeandikwa vizuri, ila Muhuri alikuwa hajaigonga.

Tukiwa hapo akaja Leodegar, nusu anakimbia. Ni mtu mzima, mtu wa Kibosho, ana duka la vitenge Mchafukoge, na siku zote hutembea taratibu ili asionekane ana haraka ya pesa.

— Balozi, nimeibiwa, akasema. Salamu hakutoa.

— Kaa kwanza, akasema Muhuri. Umeibiwa nini?

— Fremu.

— Ya picha?

— Ya dirisha la gari langu.

Hapo ndipo alipotuambia kwa kinywa chake kwamba ana gari. Sisi tulikuwa tunajua, ila yeye ndiye alikuwa hajui kwamba tunajua. Lilikuwa gari la mbio, la Kitaliano, jekundu, fupi, limeinama mbele. Mhandisi mmoja wa Kitaliano aliliacha alipomaliza mkataba wake, kioo cha upande wa dereva kimevunjika na cha upande wa pili kimezama ndani ya mlango, hakipandi. Leodegar akalinunua. Lakini enzi zile mwenye gari kama lile aliitwa kupe kabla hajawasha injini. Basi alilinunua likiwa chini ya turubai, akalileta kwa Ignasi likiwa chini ya turubai, linasukumwa na wachukuzi. Kocha mwenyewe alikuwa mmoja wa waliosukuma.

Zamani kioo kile kingeagizwa Nairobi. Sasa Nairobi ndiyo hiyo, imefungwa. Kila mtu alimwambia Ignasi haiwezekani, na Ignasi ni Mmatengo wa Mbinga, ukimwambia haiwezekani umempa kazi. Alianza na kioo cha ubavuni cha Landrova mbovu. Alipokigusa tu na kisu cha almasi kikamwagika chote miguuni mwake, chembe chembe, kwa sababu vioo vya ubavuni vimepikwa visikatike. Akaenda akatafuta kioo cha mbele cha lori lililopinduka Chalinze, kile cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, akakikata tabaka moja moja, pale pembeni penye mkunjo, akifuata kipande cha boksi alichokipima mlangoni. Akanoa ukingo kwa jiwe na maji mpaka vidole vikachubuka. Niliyaona haya kwa macho yangu, jiko langu liko mgongoni kwake. Halafu jana yake akakisimamisha. Kioo cha gari lile kikipanda kinasimama chenyewe. Juu hakishikwi na chuma, kinaegemea mpira ulioko kwenye ukingo wa paa, basi. Leodegar alipofunua turubai asubuhi ile, ndicho alichokiona.

— Kila gari lina fremu, akasema. Pijo ina fremu. Landrova ina fremu. Mabasi ya kwetu Moshi yana fremu. Langu tu ndilo limevuliwa nguo?

— Penye kuku wengi usimwage mtama, akasema Redio.

— Maana yake nini hapo, Mzee Bakili? nikamuuliza.

— Maana yake Ignasi ameuza fremu.

Muhuri akaita. Ignasi akaja na mikono yake ya grisi, akasimama, hakukaa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Fremu ya mtu iko wapi?

— Gari hili halina fremu, Balozi. Limezaliwa hivyo. Hata mlango wa pili hauna.

— Mnamsikia, akasema Leodegar. Amekula zote mbili.

— Pitisheni kidole mlangoni hapo, akasema Ignasi. Kama fremu ingekatwa, pangekuwa na kovu.

Kocha akainuka, akapitisha kidole mlango mzima taratibu, akarudi kukaa.

— Kovu hakuna, akasema. Na hapo ndipo ninapomwogopa. Mtu aliyegeuza kioo cha lori kikawa cha gari la mbio, atashindwa kuficha kovu?

Wakatikisa vichwa, wote. Mimi damu ikanichemka. Wiki nzima wamekaa pale wanakunywa kahawa yangu na kusema Ignasi hajui kazi. Leo anaijua mno, na hiyo nayo ni kesi.

Ignasi akachana kipande cha gazeti, akakiweka kati ya kioo na ule mpira wa paa, akafunga mlango.

— Vuta, Balozi.

Muhuri akavuta. Gazeti likachanika, nusu likabaki mlangoni.

— Kioo kimebana, akasema Ignasi. Upepo haupiti, maji hayapiti. Sasa fremu mnayoidai ingefanya kazi gani?

— Ingefanya kazi ya kuwepo, akasema Muhuri.

Basi maneno yakafunguliwa kama bomba la mtaa.

— Nimeshajua iko wapi, akasema Kocha. Goli la upande wa reli, pale wanapochezea watoto wa Gerezani. Juzi lilikuwa la miti. Leo lina chuma.

— Fremu ya dirisha itoe goli? nikauliza.

— Zimeungwa, Abbasi. Kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mnadhani ni gari moja tu lililoliwa?

— Goli ni la kupoteza watu maboya, akasema Redio. Fikirini kwa kichwa. Wenzetu huko ng'ambo ya mpaka wana vioo, hawana fremu. Sisi tuna fremu, hatuna vioo. Nani anafaidika?

— Nani? akauliza Leodegar, jasho linamtoka.

— Anayefaidika.

— Mzee Bakili, fremu inavukaje mpaka uliofungwa? nikauliza.

— Kwa hiyo umekubali kuna fremu, akaniambia Redio. Nikachochea mkaa, maana ningemmwagia kahawa ya moto. Akaendelea: Na si hivyo tu. Tangu gari lile lifike hapa, redio yangu inakoroma saa ya taarifa ya habari. Chuma chembamba, kirefu, kimepinda juu. Hiyo ni nini kama si antena? Kuna mtu yuko juu ya paa mtaa huu anazungumza na makaburu.

— Na fremu ya Leodegar? nikauliza.

— Kwa kutumia fremu ya Leodegar.

— Antena moja haitoshi, akasema Kocha. Ukikusanya fremu, ukakusanya mabati, ukakusanya na viti, unapata ndege. Gerezani wana vyote hivyo. Siku itaruka, mtasema Kocha alisema.

Leodegar, ambaye alikuja kudai chuma cha dirisha, sasa alikuwa anashika kichwa kwa sababu gari lake limo kwenye ndege ya makaburu. Na Muhuri alikuwa anasikiliza yote hayo kwa makini. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Kocha na Redio wakisema upuuzi, unaishia kwenye kikombe. Muhuri akiuamini, mtu anapakiwa lorini.

Muhuri akakohoa.

— Ignasi, mimi si mtu wa kumwonea mtu. Bomba la kitanda lipo, unalo pale nyuma. Lipinde, mfungie mwenzio fremu, palipo na kioo pawe na fremu kama magari mengine. Mambo yaishe. Nakugongea karatasi yako hapa hapa, kesho lori likija unalitazama tu.

Hata Leodegar alikubali. Kocha akasema hayo ndiyo maneno ya uongozi. Nami, Mungu anisamehe, nikamwangalia Ignasi nikamwomba kwa macho akubali. Bomba la kitanda, kazi ya asubuhi moja. Nani anataka kupelekwa kulima mahali asipopajua?

— Sifungi, akasema Ignasi.

— Umesemaje?

— Nimesema sifungi, Balozi. Nikifunga nimekubali kwamba niliiba, na sikuiba. Pili, bomba lile litakigonga kioo kila mlango ukifungwa, na kioo hiki kikipasuka hakuna kingine, lori la Chalinze lilikuwa na kioo kimoja. Mkitaka kunipakia, nipakieni. Kulima najua, nimekulia kwenye ngoro, mashamba yetu ya mashimo milimani. Lakini kioo kitabaki hivyo kilivyo, na siku atakapopita mtu aliyewahi kuliona gari kama hili atawaambia kazi hii imefanywa na mtu.

Muhuri alikuwa amevimba mashavu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaanza Redio, lakini hata yeye akaliacha njiani.

Wakati huo huo alikuwa amesimama hapo mama mmoja, kapu kichwani na kuku kwapani. Anaitwa Scholastika, alishuka lori la Songea alfajiri, anatafuta nyumba ya kaka yake Mchafukoge. Alikuja kuuliza njia, akakuta baraza, akangoja kwa adabu waishe. Hawakuisha.

— Shikamooni, akasema. Samahani wazee, nimesikia mmeibiwa.

— Mgeni ni kuku mweupe, akasema Redio, kumwambia mambo haya si yake.

— Huyu ni wa madoadoa, baba, akajibu mama, akimpandisha kuku wake vizuri kwapani. Ndiyo maana nauliza. Kwetu mtu akipotelewa na kuku, kabla hajatajwa mwizi, mwenye kuku anaulizwa kwanza rangi. Hiyo fremu ilikuwa ya rangi gani?

— Nyeusi, akasema Kocha.

— Nyeupe, ya kung'aa, akasema Redio. Wamesema kwa pamoja.

— Nyekundu, gari si jekundu? akasema Muhuri, baada yao kidogo.

Mama akamgeukia Leodegar, kwa sababu yeye ndiye mwenye kuku.

Leodegar akageuka nyuma. Akaangalia gari, akaangalia turubai lililokuwa chini.

— Sikuiona, akasema. Lilikuwa limefunikwa. Nililinunua limefunikwa.

— Na wewe uliyelisukuma? nikamuuliza Kocha.

— Mimi nilishika nyuma.

Nilidhani yameisha. Lakini Muhuri ni mtu aliyezoea kusema mwisho. Akajinyoosha shati.

— Hilo halifuti jambo, akasema. Uchunguzi utaendelea. Karatasi ingoje mpaka wiki ijayo.

— Lori halingoji wiki ijayo, Balozi, nikasema.

— Abbasi, wewe mimina kahawa. Mambo ya uongozi hayakuhusu.

Akanyoosha kikombe. Kocha naye akanyoosha, na Redio. Ni miaka nimewamiminia watu wale, kwa mkopo na kwa taslimu, kwa maneno mazuri na kwa matusi. Birika lile lenyewe lilipotoboka ni Ignasi aliyeliziba, na alisema nimpe kikombe kimoja tu. Nikaliweka chini, upande wangu wa jiko.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

— Imekwishaje? Ndiyo kwanza asubuhi.

— Imekwisha, Balozi.

— Birika zito lile. Nasikia inacheza mle ndani.

— Unaisikia. Umeiona?

Mama Scholastika akaangalia pembeni, akajifunika mdomo kwa khanga. Muhuri akanitazama mimi, akalitazama birika. Vile vikombe viwili vya wenzake vilikuwa bado vimenyooshwa hewani, vitupu.

— Balozi, akasema Kocha polepole, mgongee mtu.

— Mgongee, akasema Redio. Fremu haina rangi.

Muhuri akatoa muhuri mfukoni. Akaupulizia. Ignasi akaleta karatasi yake, na pale hapakuwa na meza. Benchi limejaa watu, jiko ni moto. Basi Ignasi akaiweka ile karatasi juu ya kioo chake, kimesimama chenyewe mlangoni, akaishikilia kwa vidole vyake vilivyochubuka.

— Gonga hapa, Balozi.

— Kitavunjika.

— Gonga.

Muhuri akagonga, na kwa hasira zake aligonga kama anapiga msumari. Kioo hakikutikisika.

Nikachukua birika. Kikombe cha kwanza nikampa Ignasi, cha pili nikampa mama wa Songea. Muhuri akangoja zamu yake.